Sahani tatu za mama mukubwa

Nilirudi Butembo kupitia mpaka wa Kasindi na diploma ya uchoraji wa matangazo kutoka Kampala. Hakuna aliyenilipia masomo hayo. Nilibeba magunia sokoni, nikasoma. Kituo kimoja cha afya cha Beni kilipotafuta mtu wa kuchora maelezo ya dawa kwa wagonjwa wasiojua kusoma, kilinitafuta mimi.

Wengine wangejaza karatasi maneno na rangi. Mimi niliondoa. Dawa ya kisukari ilikuwa kidonge kimoja mara tatu kwa siku, pamoja na chakula. Nikachora sahani tatu, kidonge kimoja kando ya kila sahani, basi. Daktari alisema hata mtoto angeelewa. Nilijivuna, na hadi leo nasema mkono wangu haukukosea mstari.

Nakala ya kwanza nilimpelekea mama mukubwa, dada ya mama yangu, mgonjwa wa sukari. Anapanga chumba huko Beu, mtaa wa Beni, tangu watu wa upande wao walipoacha kwenda mashambani kwa kuogopa vita. Aliibandika ukutani, akawaita majirani waje kuona kazi ya mtoto wake.

Wiki mbili baadaye alianguka. Nilimkuta kituoni, sukari imeshuka mno, binti yake amekaa miguuni pa kitanda.

“Ni weye ulichora?” muuguzi akaniuliza.

“Ni mimi.”

“Alikuwa anakunywa vidonge vitatu mara moja, kila mangaribi. Anasema karatasi inamutuma kukunywa na sahani. Sahani yenyewe inakuyaka mangaribi tu.”

“Karatasi iko wazi. Sahani ni tatu.”

“Bwana diplome, huko kwabo nani anakulaka mara tatu?”

Wagonjwa wa vitanda vya jirani walicheka. Nilitaka kumuuliza yeye alisomea wapi.

Daktari alikuja. Kabla ya kuchagua dawa nyingine alitaka kujua mama anakula mara ngapi.

“Tunakulaka muzuri,” mama mukubwa akajibu.

“Mara ngapi, mama?”

“Tatu. Asubui chai na mukate.”

Alikuwa akinitazama mimi, si daktari. Binti yake aliinamisha kichwa. Kama daktari angeandika jibu hilo, angemrudisha nyumbani na vidonge vilevile. Nikatoka nje bila kuaga, nikasimama karibu na tangi la maji. Baada ya muda muuguzi alitokea mlangoni, akaniinulia kidole kimoja: mlo mmoja kwa siku.

Dawa ilibadilishwa, ikawa ya mara moja kwa siku. Nikaomba karatasi, nikachora sahani moja na kidonge kimoja, nikampelekea kitandani. Aliipokea, akaitazama.

“Nani alikuambia?”

“Daktari.”

Akaigeuza, akailaza juu ya shuka, upande wenye mchoro chini.

“Mimi nilimuambia tatu,” akasema.