Kiti cha Bosi

Mtaani wanamwita Fundi Makini, na jina hilo hakuliokota. Kazi yake ni kushona upya viti vya magari. Ukimpelekea kiti kilichobonyea hana haja ya maelezo: anakikalia, anafumba macho, kisha anakuambia springi ipi imekatika. Kwa kuwa kutwa nzima ana sindano mdomoni, wateja humdhania mpole. Anayemjua ni mkewe, mwalimu wa udereva, mama aliyezoea kushinda garini na watu waliotia pamba masikioni.

Jambo lililomshinda Fundi lilikuwa moja tu: kukubali kwamba binti yake amekua.

Binti mwenyewe walimwita Bosi tangu anatambaa, kwa jinsi alivyokuwa akiamrisha watu kwa kidole. Sasa yuko darasa la pili, magoti yanakaribia kugusa kiti cha mbele, na bado kila asubuhi baba yake alimkalisha kwenye kile kiti chake cha utotoni. Alimpitishia mikanda mabegani, akaifunga, akaivuta ikae sawa, kisha akambusu kwenye paji la uso. Bila hayo, siku ya Fundi ilikuwa haijaanza, hata kama chai ameshakunywa.

Bosi naye alikuwa na yake. Wakikaribia geti la shule alijifunika sweta kichwani.

"Baba, darasani kwetu nimebaki mimi tu. Wananiita Kichanga."

"Waache, watachoka."

"Nimeanza kuchoka mimi. Halafu hiki kiti kinaniumiza makalio."

Fundi akajitia hamnazo, akaongeza sauti ya redio.

Mambo yaliharibika Jumamosi moja, mama alipovua kitambaa cha kile kiti akifue. Chini yake alikuta plastiki tupu na kijisehemu cha sponji chembamba kama chapati. Akakibeba kiti mpaka kibandani kwa mumewe, kando ya nyumba.

"Baba Bosi, hiki kimeliwa na panya?"

Fundi akatoa sindano mdomoni. Mwenye kumjua angejua hapo pana kesi.

"Nilipunguza kidogo."

"Kidogo! Mwanangu anakalia plastiki!"

Ikabidi aseme yote. Kila mabega ya Bosi yalipopita tundu za mikanda, fundi wetu alisubiri mtoto alale, akanyofoa sponji kidogo chini, mtoto ashuke. Bosi anapanda, kiti kinashuka, na baba anajisifu moyoni kwa ufundi wake.

Mama alicheka mpaka akakaa chini, mbavu hana. Alipojifuta machozi, hakuwa tena na kicheko.

"Kiti hiki kimetengenezwa kimlinde, wewe umekichokonoa. Na hata kingekuwa kizima, kimeshakuwa kidogo kwake. Tungegongwa je?"

Fundi alinywea. Yeye anayefumua kiti kizima cha mteja kwa sababu ya mshono mmoja uliopinda, ndiye aliyempakia mwanawe kwenye kiti kibovu kila siku ya shule. Aliogopa.

"Nilijua tukimbadilishia, atajifunga mwenyewe," akasema.

"Si ndiyo vizuri?"

"Vizuri, Mama Bosi. Sasa mimi nitafanya nini pale mlangoni?"

Mkewe alikuwa na utani tayari kwenye ncha ya ulimi. Akaumeza.

Jioni hiyo hiyo walinunua kile kiti kifupi cha kumwinua mtoto, kisicho na mikanda yake, ili afungwe mkanda wa gari. Mama alimkalisha Bosi, akakagua kama anavyowakagua wanafunzi wake: mkanda upite katikati ya bega, usiguse shingo, wa chini ulale mapajani, usipande tumboni. Fundi alikibonyeza kiti, akakunja uso.

"Sponji yao hii ningeweza ku..."

"Usiguse!" wakasema mama na mtoto kwa pamoja.

Kile cha zamani Fundi alikikata mikanda kwa mkasi wake mwenyewe, asije mtu akakiokota akampakia mtoto. Aliikata taratibu kuliko ilivyohitajika, na hakuna aliyemwambia aharakishe.

Jumatatu asubuhi Bosi alipanda, akavuta mkanda, akauchomeka. Kah! Fundi alikuwa ameshainama mlangoni, mikono mbele, kama kawaida. Kazi ikawa imeisha. Akabaki ameinama vile vile kama mtu aliyedondosha ufunguo.

"Baba, umesahau," Bosi akasema.

Fundi akagusa mkanda begani, akagusa mapajani. "Mbona umekaa sawa?"

Bosi akapandisha kidole chake kile cha kuamrishia watu, akakiweka kwenye paji la uso.

"Hapa. Na ufanye haraka, kule getini sitaki."