Kwenda Idodi Kuwinda Kelele za Hewani

Mimi hakuna jambo linaloweza kunishangaza tena duniani. Nimeishia darasa la saba, nimeanza kupanda minara nikiwa na miaka kumi na tisa, na radi imewahi kupiga chuma nilichokuwa nimekiachia dakika mbili tu kabla. Leo nina duka Mbalizi, nina pikapu mbili, na antena nilizosimamisha kutoka Tunduma mpaka vijiji vya Iringa sizihesabu. Kwa hiyo Dokta Sekela alipoingia dukani kwangu na miwani yake, sikusimama.

Dokta ni mwanamama, anafundisha chuo hapa Mbeya. Tangu ujana wake anachunguza mawasiliano yasiyo na waya: nani apite masafa yapi hewani bila kumkanyaga mwenzake. Kule Idodi, kwenye barabara ya kwenda Ruaha, aliunganisha zahanati na madaktari wa Iringa mjini kwa kutumia chaneli ya televisheni iliyokuwa tupu, haina kituo. Sasa mawasiliano yalikuwa yanakatika kila siku kuanzia alasiri.

"Wakaguzi wa masafa wanakuja Ijumaa," akasema. "Wakikuta hewa chafu, kibali cha majaribio kinafutwa. Miaka kumi yangu inaingia kabatini. Nataka gari na mtu wa kupanda."

"Wasomi wako hawapandi?"

"Wanapanda vyeo, kaka."

Nikacheka, nikachukua ufunguo wa gari.

Jumatano asubuhi tukatoka Mbalizi. Saa tatu tulikuwa Chimala, tukaingia kwa Mama Kulwa, Msukuma aliyehamia Usangu na ng'ombe wa mumewe, sasa anauza supu na wali. Dokta akaweka kipimo chake mezani, kiboksi chenye kioo, ndani yake mistari inachezacheza kama nyasi kwenye upepo. Kila unyasi ni mtu anayerusha mawimbi.

"Ardhi mmeimaliza, mnapima na hewa sasa?" Mama Kulwa akauliza. "Mkimaliza mtuambie na huko tuhame."

"Hewa ni kama mfereji wenu wa mpunga, mama," Dokta akamjibu. "Maji yanatosha. Ila kila shamba na zamu yake."

"Basi huko Idodi kuna mtu kafungulia maji zamu ya mwenzie. Kwetu huyo analipa ng'ombe."

"Mimi nikimkamata," nikasema, "antena yake ataishusha kwa meno."

Makambako baridi ilitukaribisha kama kawaida yake. Iringa tukalala, kila mtu na chumba chake, nasema mapema kwa ajili ya watu wa Mbalizi.

Alhamisi saa saba mchana tukafika Idodi, vumbi mpaka kwenye kope. Muuguzi wa zahanati, dada mmoja Mhehe aitwaye Tumaini, alitupokea mlangoni. "Kamwene, Dokta. Juzi nilikuwa na mama mjamzito, presha juu. Namwonyesha daktari wa mjini vipimo, picha ikaganda. Tulimpakia pikipiki."

"Amefika?"

"Amefika. Lakini mwingine asipofika?"

Kwenye saa kumi nyasi za kipimo zikasimama zote kwa pamoja, kioo kikajaa. Dokta akashika antena ya mkono, akawa anaigeuza pole pole. Kelele zikizidi, tunafuata. Tukapita kanisa, tukapita mashine ya kusaga, tukatokea banda la kuonyeshea mpira, ndio kwanza limefunguliwa na televisheni imewashwa. Juu ya mlingoti kulikuwa na busta mbili za kuiongezea nguvu antena ya televisheni, zimefungwa pamoja kwa waya mwekundu.

Waya ule ni wangu. Ile ni kazi yangu, niliifanya mwenyewe mwaka jana. Busta moja ilikuwa haivuti picha ya kutosha, nikaongeza ya pili. Naiita pacha.

Dokta alikuwa hajui. Ningeweza kunyamaza.

"Dokta, mwizi wako ni mimi," nikasema. "Lakini usinisute. Watu hawa walitaka kuona mpira, na hakuna aliyekuja na shahada kuwasaidia. Nilikuja mimi."

Akanyoosha kidole juu ya mlingoti, akasema, "Zimekaribiana mno. Zinasikilizana zenyewe na kupiga kelele, kama maiki mbele ya spika. Panda ushuke nazo, fundi."

Nikapanda. Mwenye banda, Baba Anitha, akatoka mbio na jembe.

"We fundi! Jumamosi kuna mechi! Uliniwekea mwenyewe, leo unaning'olea?"

"Nimeweka mimi, nang'oa mimi. Jumamosi utakuwa na dishi jipya, na ukilikosa, hilo jembe nichimbie kaburi."

Nilipokata waya, Dokta akapaza sauti kutoka chini. Nyasi zilikuwa zimelala.

Ijumaa wakaguzi walikuja wawili, mashati meupe. Wakapima mpaka alasiri, hewa safi, Tumaini anaongea na daktari wa mjini uso kwa uso. Mmoja, akisoma rekodi za siku zilizopita, akauliza kelele za mwanzo zilitoka wapi. Dokta akafungua mdomo kunificha, nikamtangulia.

"Andika mimi. Na andika pia kwamba huku hamjawahi kuja kumfundisha fundi hata mmoja."

Hakuandika lolote. Ila kibali kiliongezwa.

Jioni ile nikarudi Iringa kununua dishi, Jumamosi nikalisimamisha kabla ya mechi, Jumapili nikaendesha hadi nyumbani. Nimejifunza kwamba nguvu mbili zikikaa vibaya zinamwibia jirani, na sioni haya kujifunza nikiwa na mvi. Dokta ameniomba nikawaonyeshe wanafunzi wake kosa lile. Nitakwenda, na ovaroli langu, sitaazima suti.

Mke wangu aliuliza safari imetugharimu nini. Dokta alinilipa gari na kupanda, hiyo ni haki yangu. Lakini dishi, king'amuzi, nyaya, na mafuta ya kurudi Idodi mara ya pili nilikataa asiguse. Imetugharimu shilingi laki mbili, elfu themanini na saba na mia tano.