Mfuko Alioukataa Baba

Daktari alichora utumbo wa baba kwa kidole juu ya shuka ya hospitali. Kwenye ukuta wa utumbo mpana, alisema, kumeota vijifuko vidogo. Kimoja kimepasuka na usaha umemwagika tumboni. Njia zilikuwa mbili, na zote zingepitia matundu madogo ya kuingiza kamera na vifaa, bila kulifungua tumbo zima.

"Mzee, tunaweza kuosha tu, utumbo tuuache. Hiyo ni nyepesi leo, lakini pengine tutarudi tena. Ama tukate hicho kipande kibovu, ukae na mfuko wa choo hapa tumboni miezi kadhaa, halafu tukuunganishe. Ukiniuliza, mimi ningekata."

Baba alikuwa fundi cherehani hapa Nakuru mjini. Wateja waliotaka kiraka juu ya kitambaa kilichooza aliwafukuza. Kwa hiyo nilidhani najua jibu lake.

"Huo mfuko," akauliza, "choo kinatoka nikitaka mimi, ama kikitaka chenyewe?"

"Kikitaka chenyewe, mzee."

"Basi osheni."

Daktari alidhani ni woga. Mimi na mama tulielewa. Baba alikuwa mtu wa safu ya kwanza msikitini, na upepo ukimtoka tu hurudi bombani akatawadha upya. Angesalije na choo kinachojitokea? Hakuna aliyesema twende tukamuulize imamu. Utaanzia wapi kumweleza imamu habari za mavi ya baba yako? Sisi ni watu wa staha, na staha yetu hiyo naichukia mpaka leo.

Wakamwosha tumbo, akarudi nyumbani. Watu walikuja kumjulia hali, hata mteja wake wa Dundori akaleta viazi. Wakatazama plasta zile ndogo.

"Hii ni operesheni ama umedungwa sindano?" mmoja akamtania.

Baba alicheka huku ameshika tumbo. Siku si nyingi akarudi safu ya kwanza, na mimi nikaanza kuona kwamba mwoga alikuwa daktari.

Kisha homa ikampanda, tukamrudisha hospitali. Safari hii utumbo ulikuwa umetoboka vibaya, choo kimetapakaa ndani, na hapakuwa na la kuchagua. Walimpasua tumbo juu hadi chini, wakakata, wakamwekea mfuko akiwa usingizini. Alipozinduka aliupapasa, akageukia ukutani. Adhana ilisikika dirishani na hakusali. Sijawahi kuogopa vile.

Homa ilikuwa bado haijashuka imamu alipokuja kumwona. Baba akavuta shuka hadi kidevuni. Mama ndiye aliyesema, kwa hasira, mbele ya wagonjwa wengine: "Amewekewa mfuko wa choo, na anaona hafai tena kusali."

Imamu hata hakufikiri. "Mzee wangu, huo ni udhuru. Wakati wa sala ukiingia unatawadha, unasali, hata kama kitatoka katikati. Hili ni jambo dogo. Ungeniuliza tu."

Baba akaiachia shuka.

"Dogo," akasema.

Kisha akaniomba maji. Nikamtawadhisha palepale kitandani, akasali Alasiri kwa kuinamisha kichwa tu. Magharibi hakuifikia.