Karatasi za Daktari

Leo asubuhi, stendi ya Kahama, nimesikia harufu ya karanga za kukaanga, nikamkumbuka jirani yetu wa utotoni, mtaani Kambarage. Alikuwa daktari wa macho, Mpalestina mtu mzima, na kila jioni alikaa barazani akiandika Kiarabu. Siku moja upepo ulileta karatasi zake uani kwetu. Zilijaa mistari iliyokatwakatwa, nikadhani amezitupa. Nikampa mama, akafungia karanga za kuuza.

Kesho yake fundi cherehani wa mtaani, Mwislamu aliyejua kusoma Kiarabu, alikuja na karatasi moja mkononi. “Mama, maandishi haya hayafungiwi karanga. Ni ya daktari.”

Mama alinishika mkono, tukapita nyumba kwa nyumba kuzikusanya. Moja hatukuipata. Mama akapiga magoti mbele ya daktari. “Shikamoo, mzee. Mtoto amekosa, na mimi nimekosa.”

“Marahaba. Inuka, mama.” Alizinyoosha gotini, zimelowa mafuta. “Hawa ni watu wa mtaa wetu kule nyumbani. Mabomu yalibomoa nyumba zao. Nisipowaandika, nani atajua kwamba waliishi?”

Mama akamwomba atusomee.

Daktari aliiandika upya ile iliyopotea, akaja kuisoma kwa Kiswahili chake cha polepole huku tukimenya karanga. Alimtaja mwoka mikate, mwalimu, na mjane mwenye mbuzi. Alipofika kwa mdogo wake wa kike, aliacha kusoma.

Mama aliweka ungo chini. “Huyo alikuwaje?” aliuliza.

Daktari aliikunja karatasi, akaanza kutusimulia.