Viti Elfu Moja na Tisa

Jina lake halisi lilijulikana kwa mkewe na kwa mhasibu tu. Wengine wote pale chuoni walimwita Rula, kwa jinsi safu zake za viti zilivyonyooka. Alipanga ukumbi pamoja na shemeji yake, mume wa dada yake, mtu wa maneno mengi na mikono myepesi. Rula alikuwa na sharti moja: safu zote zilingane, kisisalie hata kiti kimoja.

Mwaka huu ofisi ilitaka viti elfu moja na tisa vya wahitimu. Shemeji alivihesabu vikishushwa kwenye lori. Rula akapanga safu za viti ishirini na nane, kikabaki kimoja. Akatoa simu, akagawa kwa thelathini na moja, kwa arobaini, kwa kila namba iliyomjia kichwani. Kila mara kulikuwa na masalio.

"Shemeji, umekosea kuhesabu."

"Nimehesabu mara tatu."

"Namba kubwa hivi itakosaje kugawanyika? Tisa inagawanyika. Elfu moja inagawanyika. Hii ina nini?"

"Kaiulize yenyewe."

"Acha mzaha. Umechomeka kiti ili unicheke."

Shemeji hakucheka. "Miaka yote hii, leo mimi ndiye wa kukuharibia kazi?" Akavua glavu, akazitupa kwenye kiti cha karibu, akaenda zake.

Rula akahesabu peke yake, kiti kwa kiti. Elfu moja na tisa. Akaduwaa katikati ya ukumbi hadi mwalimu wa hisabati alipoingia kujaribu kipaza sauti, Rula akamweleza shida yake.

"Hiyo ni namba tasa," mwalimu akasema. "Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe."

"Kubwa yote hiyo?"

"Ziko kubwa kuliko hiyo, tena hazina mwisho."

"Sasa nipange vipi?"

"Kwa sharti lako, safu moja ya viti elfu moja na tisa."

"Itatokea barabarani!"

"Au safu elfu moja na tisa, kila moja kiti kimoja."

Rula akafikiri. "Si ndiyo ile ile, umeigeuza tu?"

"Ndiyo ile ile."

Rula alitoka akiwa amechanganyikiwa kuliko mwanzo. Jambo moja tu lilimkaa sawasawa: shemeji hakukosea. Akaenda moja kwa moja nyumbani kwa dada yake, akamkuta shemeji amekaa mlangoni, miguu mitupu.

"Ulihesabu sawa. Nisamehe."

"Mara zote tatu?"

"Zote. Namba yenyewe ndiyo haigawanyiki."

"Kwa nini?"

"Mwalimu anasema ndivyo ilivyo."

"Yaani umekuja kunieleza kitu usichokielewa?"

"Ndiyo."

"Na vitakavyosalia?"

"Tuviweke nyuma. Safu ya mwisho iwe fupi."

Shemeji akamtazama kama anayetazama mgonjwa. "Fupi? Wewe?" Akageuka, akaita ndani: "Mke wangu, hebu nipe viatu. Kaka yako hayuko sawa, siwezi kumwachia ukumbi peke yake."