Barua ya Kuhama Chuo

Nilikuwa mwaka wa kwanza katika chuo cha ualimu karibu na Kanyakine, Meru, nilipoanza kuteremka bondeni kila Jumamosi kuangalia pampu. Wenzangu walifua nguo na kusukana nywele. Mimi nilipita kati ya kahawa na migomba hadi mtoni, ambako kulikuwa na chombo cha chuma kilichofungwa kwenye simiti, ukubwa wake kama ule mkebe wa kupelekea maziwa deri. Kiligonga tak, tak, tak, usiku na mchana, na huko juu chuoni tangi likawa linajaa. Hakikuwa na injini wala waya wa stima, na hakuna mtu aliyekitia mafuta.

Mimi nilizaliwa upande wa Siakago, ambako maji hupanda mlima yakiwa mgongoni mwa mtu. Kwa hivyo jambo hilo lilininyima raha. Nilimuuliza mwalimu wetu wa sayansi. Akasema ni nguvu ya maji yenyewe, kisha akaendelea kutueleza namna ya kumfundisha mtoto wa darasa la nne kuhusu mvuke. Sikuridhika. Kama ni nguvu ya maji yenyewe, mbona mto wote usipande?

Muhula wa pili pampu ilinyamaza. Siku tatu tukateka maji kwa ndoo, ndipo akaja fundi kutoka Embu, mzee mfupi aliyevaa ovaroli ya buluu. Nilimfuata bondeni nikasimama kando. Aliponiona aliuliza nimetumwa na nani. Nikamwambia sijatumwa, nataka tu kuona ndani.

"Basi sogea, mwalimu," akasema. "Shika hapa."

Ndani mlikuwa na vali mbili tu. Alinieleza kwamba maji yakiteremka kwa kasi kwenye bomba huifunga vali ya kwanza kwa kishindo. Yakizuiwa ghafla hivyo, machache husukuma vali ya pili na kupanda, kisha ile ya kwanza hufunguka tena. Mengi hurudi mtoni ili machache yafike juu. Mpira wa vali ulikuwa umelika, akakata mwingine kutoka kwenye tairi kuukuu. Nilimuuliza maswali hadi akaacha kukata, akanitazama. Alitaka kujua nilipata nini katika hesabu na fizikia. Nilipomwambia, alisema huko Embu kuna chuo cha ufundi kinachofundisha mambo haya, na kwamba haelewi kwa nini nilikuja huku. Hakusema kwa dharau. Alikuwa anauliza kweli, nami nikamwambia kwamba baba yangu ni mwalimu na tulijaza fomu pamoja.

Wiki hiyo niliandika barua ya kuomba kuhama. Mkuu wa chuo, mama mtaratibu aliyesoma kila kitu mara mbili, alinieleza kwamba mtu huhama kutoka ualimu kwenda ualimu. Anayetaka uhandisi anaacha nafasi yake na kuanza upya, na nafasi hiyo hapewi tena.

"Embu wakikukataa, utakuwa nyumbani," akaniambia. "Ongea na mzazi wako kwanza. Barua nitaiweka kwenye droo. Wiki mbili."

Nilienda nyumbani Ijumaa. Baba alikuwa anasahihisha madaftari kwenye meza ya jikoni. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, na nilipomaliza alinisukumia karatasi, akaniambia niichore hiyo pampu. Nikachora bomba, vali mbili, na juu yake kichungu cha chuma kilichofungiwa hewa ndani, ambacho fundi alinionyesha. Akaupitia mchoro kwa kalamu yake nyekundu kama kazi ya mwanafunzi, akifuata njia ya maji kwa ncha. Kwenye kichungu akasimama.

"Na hewa hii ni ya nini?"

"Sijui."

"Hukumuuliza?"

"Nilimuuliza, baba. Sikuelewa."

Akaweka alama nyekundu ya kuuliza kando ya kichungu, akarudia madaftari yake. Mama aliniambia kwa Kimbeere nimwache kwanza, nikaenda kulala nikidhani mambo yameishia hapo. Jumatatu asubuhi nilimkuta amevaa koti lake la mikutano. Alikuwa ameomba ruhusa shuleni kwake. Tulienda Embu pamoja, kwenye kile chuo cha ufundi.

Mkuu wa idara ya uhandisi alikuwa mtu wa maneno machache. Alisoma cheti changu, akasema hesabu ni nzuri na fizikia si mbaya, lakini muhula ulikuwa umeshaanza na hakuona sababu ya kukinyang'anya chuo kingine mwanafunzi wake. Kisha akatoa kwenye kabati vali kubwa ya bomba, akaifungua yote mbele yetu na kutandaza vipande mezani.

"Irudishe ilivyokuwa," akasema, akamchukua baba wakaenda kunywa chai.

Nilijaribu, nikakosea, nikafungua tena. Vidole vikawa vyeusi. Waliporudi vali ilikuwa imefungika na gurudumu lake linazunguka vizuri, ila pete moja ndogo ya shaba ilibaki mezani. Baba aliiona, akageukia dirisha. Mkuu wa idara akaiinua.

"Na hii?"

"Sijajua kazi yake, mwalimu. Ndiyo maana sijairudisha."

"Wengi huificha mfukoni," akasema. Akaketi kunionyesha mahali pake na inazuia nini. Alipomaliza aliandika jina langu kwenye orodha.

Mkuu wangu wa zamani aliitoa barua kwenye droo akaitia sahihi, kisha akanishika mkono kwa muda. Baada ya siku chache nilikuwa nimepanga chumba katika mtaa wa Dallas, mjini Embu, na msichana aliyekuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali.

Uhandisi wenyewe ulianza kwa tupa. Wiki nne mfululizo tulisugua kipande cha chuma hadi kiwe mraba, na mwalimu akikiinua kwenye mwanga na kukiwekea kipimio cha pembe, kila mara aliona upenyo. Hilo niliweza kulivumilia. Kilichonitoa jasho ni uchoraji. Tulitakiwa kuchora kitu kimoja kikionekana kwa mbele, kwa juu na kwa ubavu, na mimi nilikuwa sioni. Mtihani wa kwanza nilipata kumi na nane kwa mia. Vijana darasani walidhani nitarudi Meru.

Jumapili moja nilichukua sabuni ya kipande na kisu, nikachonga umbo lililokuwa kwenye kitabu, lenye ngazi na tundu. Nikaliweka kwenye dirisha nikaanza kuligeuzageuza, nikifumba jicho moja. Lilipogeuka, mistari ikajitokeza mahali pake, na ile iliyojificha nyuma nikajua ilipo. Nilichonga sabuni tatu siku hiyo. Mwenzangu wa chumbani alilalamika kwamba anaogea ngazi, lakini yeye mwenyewe akaanza kuniletea vipande. Mwisho wa mwaka uchoraji nilipita kwa sitini na moja.

Mwaka uliofuata, nikiwa bado mwanafunzi, wenzangu wa Kanyakine walimaliza. Mmoja aliniandikia kwamba amepewa darasa la pili, watoto hamsini na mmoja, na kwamba wakimsalimu kwa pamoja madirisha hutetemeka. Niliisoma barua hiyo karakanani, nimekaa kwenye boksi, na kwa muda niliwaonea wivu kweli, yeye na watoto wake. Kisha mwalimu akaniita. Mashine ya kukerezea vyuma ilikuwa haitumiwi na mtu, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kuiwasha.

Nilimuuliza kwanza inazunguka upande gani.