Mlango wa Kufungwa kwa Kidole

Mimi kukaa mahali pamoja nikatulia siwezi. Hata kwenye mashine yangu ya kukoboa mpunga pale Kahama, wateja hunikuta nimesimama mlangoni, simu mkono huu, funguo mkono ule, kama mtu anayesubiri kuitwa jina. Marehemu mama alikuwa akisema nilizaliwa kabla ya siku zangu, na tangu hapo sijaacha kuwahi. Haya ninayaandika kwa kuamka na kukaa, kuamka na kukaa, kwa sababu ni kiherehere changu kilichoyaleta.

Baba yangu ni fundi magari wa Masumbwe, ingawa siku hizi macho yamemstaafisha. Ametengeneza magari ya watu wasiohesabika, lakini la kwake lilikuwa moja tu: gari dogo la kijani, la milango miwili, la wazi, lile la kufunikwa kwa turubai la kukunja mvua ikija. Lililetwa nchini zamani na mhandisi mmoja wa Kizungu wa kwenye almasi, upande wa Shinyanga. Mhandisi alipokuwa anaondoka, baba aliuza ng'ombe sita akalinunua. Ukoo mzima ulishika kichwa. Msukuma mwenye akili zake anatoa ng'ombe sita kwa gari lisilobeba hata gunia moja la pamba, tena gari lenyewe halina paa!

Nilipanda gari hilo utotoni nikiwa nimepakatwa na mama. Enzi hizo barabara ya kwenda Kahama ilikuwa vumbi tupu. Nakumbuka upepo, nakumbuka mkono wa mama umenishika tumbo, na baba amevaa kofia yake akiendesha kwa madaha kama bwana harusi.

Kisha nikaenda shule ya bweni. Niliporudi likizo, nikiwa kidato cha pili, nikalikuta gari lina paa la chuma. Bati nene, limechomelewa kwenye fremu ya kioo cha mbele, na nyuma ya viti kuna nguzo mbili zimeshuka hadi sakafuni. Limepakwa rangi ya kijani ileile, lakini wapi, lilikuwa kama banda la kuku. Nikamuuliza baba kulikoni. Baba akakohoa. Aliyejibu ni mama: vumbi limemshinda, kila Jumapili anafika kanisani nywele nyekundu kama katoka kuchimba duarani, kwenye mashimo ya dhahabu, kwa hiyo ameomba paa na baba amempa.

Habari hiyo ilienea. Wanaume waliokuja gereji wakamwita Mama Vumbi, naye akacheka nao na kuwaletea chai. Mimi sikucheka. Siku moja, mbele ya wageni, nikamwambia mama kwamba gari zuri vile ameliharibu kwa ajili ya nywele zake. Mama aliniangalia, akamwangalia baba aliyekuwa ameinamia kikombe chake, kisha akasema, "Ndiyo, mwanangu. Nywele zangu." Akaondoa vyombo. Alifariki miaka mingi baadaye na hatukulizungumza tena.

Sasa, Kahama siku hizi kuna kikundi cha watu wenye magari ya kale ya wazi. Wanakutana mara mbili kwa mwaka kwenye uwanja wa mpira, na ukiwaona utadhani ni wazazi wamepeleka watoto kliniki. Huyu anafuta vumbi kwa nepi mpya ya mtoto, yule anabishana kuhusu kifuniko cha gurudumu kama ni chenyewe au cha kubambikiza. Kuna mfanyabiashara wa dhahabu kutoka Geita, mtu wa maneno mengi, gari lake ni jekundu refu na hulitoa kubeba maharusi. Mwenyekiti wao ni mwalimu mstaafu wa Shinyanga. Huyo ana kipimo chake. Anafungua mlango wa gari hadi mwisho, halafu anausukuma kwa kidole kimoja. Ukienda ukajifunga wenyewe, bodi imenyooka, anatikisa kichwa kwa kuridhika. Ukihitaji kubamizwa, anaandika kwenye daftari lake na mwenye gari siku hiyo hana raha.

Milango ya gari la baba ilikuwa ikijifunga kwa kidole kila mara. Lakini gari lenye paa la bati haliwezi kusimama kwenye mstari wa magari ya wazi, kwa hiyo walituweka pembeni, kwenye uzio, karibu na wauza soda. Mara ya mwisho yule wa dhahabu alipita akagonga paa kwa pete yake, akasema kibanda cha mzee kiko imara, ila Mama Vumbi aliwatendea ubaya. Watu wakacheka. Baba naye akatabasamu. Damu ilinichemka, na Mungu anisamehe, hasira yangu haikumwendea yule mwenye pete. Ilimwendea mama kaburini.

Na muda ulikuwa umebana. Baba ana presha ya macho. Jicho la kulia limekwishazimika, na la kushoto daktari alisema halitafika mbali, pengine hadi mvua zijazo. Nikaapa: mkutano unaofuata baba atakaa kwenye gari lake ndani ya ule mstari, juu yake mbingu, alione lilivyokuwa angali anaona. Nilimwambia. Akanijibu kwa upole, "Liache paa, mwanangu. Limekaa vizuri." Nikamwuliza mara ya pili, na ya tatu, akajibu vilevile. Nikajisemea, mzee huyu anaogopa kumvunjia heshima marehemu mke wake. Sikufikiri zaidi ya hapo. Kufikiri kunataka kukaa.

Zilipobaki wiki mbili, shangazi wa Chato akaugua, baba akapanda basi kwenda kumjulia hali. Siku ileile nikaacha mashine mikononi mwa mhasibu wangu, nikaenda Masumbwe, nikamtafuta fundi wa kuchomelea. Ni mtu wa makamo, kazi yake kubwa ni kutengeneza makarasha, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu. Alikuja asubuhi iliyofuata, akanisalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," akalizunguka gari, akalala chini, akagonga hapa na pale. Akauliza kama mzee ameridhia. Nikamwambia ameridhia. Uongo mkavu, bila hata kupepesa macho. Akasema angependa kwanza alete mirunda, zile nguzo za miti, aitegeshe chini ya gari, tukate kesho yake. Nikamwuliza mirunda ya nini, kwani tunajenga nyumba? Nikamwambia akate, saa sita nataka tuwe tumemaliza.

Akawasha grenda. Cheche ziliruka hadi kwenye ukuta. Akakata mbele, akakata nguzo ya kwanza, akakata ya pili, na majirani wawili wakasaidia kulinyanyua bati na kuliegemeza ukutani. Kwa muda wa kama pumzi tatu, gari likawa lile la utotoni. Nilikiona kiti alichokuwa akinipakatia mama, kina jua. Machozi yalinilengalenga. Nikafungua mlango hadi mwisho, nami nifanye kile kipimo cha mwenyekiti.

Nikasikia kitu kikivunjika chini, sauti kama ya muhogo mkavu. Gari likakaa. Sijui niseme vipi vingine: lilikaa, katikati likazama, pua na mkia vikainuka. Nikasukuma mlango kwa kidole. Nikasukuma kwa kiganja. Nikasukuma kwa nyonga. Nafasi yake ilikuwa imejibana juu, mlango umekuwa mkubwa kuliko tundu lake.

Fundi alibandua zulia la sakafuni, akanionyesha. Ule mtaimbo mnene wa chuma unaopita chini ya mlango, ambao kwenye gari la wazi ndio mgongo, ulikuwa umeliwa na kutu pande zote mbili, umebaki jina. Juu yake kulikuwa na viraka vya madebe ya mafuta ya kula, vimepakwa lami, tabaka juu ya tabaka. Na zile nguzo mbili za paa zilikuwa zimechomelewa hapohapo, kazi safi ya zamani, mshono ulionyooka. Mkono wa baba nilioujua tangu nikiwa mdogo.

"Dada," fundi akasema, "hili paa halikuwa la vumbi. Hili paa ndilo lililokuwa limelibeba gari."

Nikakaa chini. Mimi, nikakaa chini kwenye mchanga, na sikuamka haraka.

Siku mbili zilizofuata sikuwa mtu. Nilikwenda getini nikarudi, nikapika nisile, nikaanza kupiga simu Chato nikakata kabla haijaita. Nilikuwa naogopa kwamba nimemnyima baba kitu cha mwisho alichokuwa akikitazamia. Lakini kilichonifukuza huku na huku hasa ni hesabu nyingine rahisi. Kama baba alijua, mama naye alijua. Na kama mama alijua, basi siku ile mbele ya wageni nilikuwa namwambia nini?

Baba alishuka kwenye basi akiwa na furushi la dagaa. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaniuliza mbona sauti yangu iko hivyo. Tulipoingia uani, akapita kando ya gari na kuinua mkono kuligusa paa, kama alivyozoea. Mkono ukagusa hewa. Akasimama. Akakipapasa kioo cha mbele mahali palipokatwa, akashuka hadi kwenye mlango uliobaki wazi, akausukuma kwa kidole. Haukwenda. Nikaanza kujieleza, maneno yanagongana, naye akainua kiganja ninyamaze.

Aliomba kiti, ndipo akanieleza. Kutu ilikuwamo tangu siku aliyolinunua. Yeye, fundi aliyefuatwa na watu kutoka Kahama hadi Ushirombo, alitoa ng'ombe sita bila kuinua zulia, kwa sababu alikwishalipenda. Aliigundua miaka baadaye, siku mlango ulipogoma kufunga. Chuma cha kuunda mgongo mpya hakikupatikana, na hata kingepatikana kazi ingefanyika uani, wateja wote wakiona. Paa lingelishika gari kwa juu. Ila watu wangeuliza paa la nini, na nani angempelekea gari fundi aliyeuziwa gari lililovunjika mgongo? Alimwambia mtu mmoja tu.

"Mama yako ndiye aliyesema, waambie mimi nimekataa vumbi," baba akasema. "Alisema mwanamke akiogopa vumbi, hakuna atakayeshangaa."

Nikamwuliza kama aliogopa, japo kidogo.

"Vumbi? Yule?" Baba alicheka, na jicho lake bovu likatoa machozi kabla ya lile linaloona. "Yule alikuwa akiniambia niongeze mwendo."

Nilidhani mkutano umekufa. Nilimwambia nitalifunika turubai, tuseme tu kwamba baba anaumwa. Akakataa katakata, akaagiza lori. Yule fundi akaleta mirunda yake, akaitegesha chini ya tumbo la gari, na gari likapandishwa juu ya lori na kufungwa kamba. Baba akapanda akaketi kwenye usukani wake. Nami nikapanda nikaketi upande wa mama. Tulikwenda Kahama hivyo, juu juu, mzee ameshika usukani usiogeuza kitu, waendesha bodaboda wakitupigia honi. Kofia ya baba ilipeperuka karibu na mizani ya malori na alikataa tusimame. Nilimwuliza anaona nini, akasema anaona mwanga mwingi na matawi yakipita.

Pale uwanjani walitushusha kwa mbao na kutuweka kwenye mstari. Watu wakajaa. Yule wa dhahabu akaanza kupiga makofi, akisema hatimaye Mama Vumbi kashindwa. Mwenyekiti akaja na daftari lake, akanyoosha mkono kwenye mlango, kidole tayari.

"Usijisumbue, mwalimu," baba akasema, na akaisema kwa sauti ya kusikika. "Huo mlango haufungi. Gari hili nililinunua limevunjika mgongo na sikuangalia. Paa nililiweka mimi kuficha. Mke wangu hakuwahi kuogopa vumbi."

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti alirudisha kidole chake, akafunga daftari. Yule wa dhahabu alibaki akizungusha pete yake, kisha akaja akamshika baba mkono kwa mikono miwili na kuomba radhi, na baba akampokea vizuri tu, wakaanza kuzungumza habari za gari jekundu. Jambo likawa limeisha kirahisi hivyo. Kwangu halikuisha. Mimi sikuwa na wa kumshika mkono. Mtu niliyetakiwa kumwomba radhi nilimwacha aondoe vyombo, akaosha vikombe, akaendelea kunilipia ada.

Jioni tulirudi juu ya lori vilevile. Tulipoiacha lami na kuingia njia ya kwetu, dereva akapunguza mwendo, akatoa kichwa dirishani kuniuliza kama tufunikwe turubai, kwa sababu huku mbele ni vumbi jingi. Baba alinigeuzia uso tu akasubiri. Nilifungua kitambaa changu cha kichwa nikakiweka mapajani.

Nikamwambia dereva aongeze mwendo.